Namna ya kuhakiki shairi la mwenzako wakati bado analiandika

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne shairi lolote, awe Mtwara au Lindi, na mkono wake utaanza kuandika wenyewe: muundo ni tarbia (beti za mistari minne minne), mtindo ni wa kimapokeo, dhamira ni umuhimu wa kazi, ujumbe ni kwamba tufanye kazi kwa bidii, msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Mtihani ndio uliomzoesha hivyo, na mtihani una haki zake. Lakini shairi la kwenye mtihani limeshachapwa. Mtunzi wake hayupo chumbani, hangoji neno lako, na hata ukimpa sifuri hatabadili herufi. Shairi la mwenzako liko kwenye ukurasa wa kaunta buku, lina mistari iliyokatwakatwa, na mwenyewe amekaa mbele yako anakutazama usoni. Ukimwambia kwamba dhamira yake ni umuhimu wa kazi, umemwambia anachokijua tangu alipochukua kalamu.

Uhakiki wa namna hii nina kipimo kimoja cha kuupimia. Mwenzako akirudi bwenini usiku na kalamu yake, kuna ulichomwambia anachoweza kukifanyia kazi? Kama hakipo, ulikuwa unaongea tu. Mwongozo huu nimeuandikia vikundi vidogo, watu wanne hadi sita, wanaokutana chini ya mkorosho baada ya vipindi au Jumamosi baada ya usafi, bila mwalimu, au pamoja na mwalimu asiyependa kusema sana.

Kwanza, jua shairi limefika wapi

Kabla mtunzi hajasoma, muulize mambo mawili: hii ni rasimu ya ngapi, na angependa asaidiwe wapi? Akisema ameliandika jana usiku, usihangaike na nukta wala herufi kubwa, kwa sababu ubeti mzima huenda ukaondoka kesho. Akisema ni la kusomwa kwenye mahafali wiki ijayo, usimwambie abadili mada. Mpe vitu vidogo anavyoweza kuviweka sawa kwa siku zilizobaki. Asiyejua anataka nini mwacheni, wengi hawajui. Na atakayesema "nataka tu mlisikie" mheshimuni: sikilizeni, mshukuruni, nendeni kwa mwingine.

Lisikie mara mbili, kwa sauti mbili

Shairi la Kiswahili la kimapokeo hutungwa liimbwe au lighaniwe, na hadi leo mtu akisimama na tarbia yake kwenye sherehe watu hungoja mahadhi. Kulisoma kimya kimya kisha ukatoa hukumu ni kuliona upande mmoja tu.

Mtunzi asome kwanza. Yeye anajua pa kuvuta pumzi, anajua silabi ipi aimeze ili mshororo (mstari wa shairi) ukae, na sauti yake itafunika mengi. Kwa hiyo mara ya pili asome mtu mwingine ambaye hajaliona kabisa. Hapo fungua masikio. Kila msomaji anaposita, anaporudi nyuma, au anapobadili neno bila kujijua, weka alama ya penseli pembeni mwa nakala yako. Usiandike sababu bado. Mara nyingi ulimi hujikwaa kwa sababu mizani (hesabu ya silabi) imezidi au imepungua, au kwa sababu sentensi imepinduliwa mno ili kina (silabi ya mwisho inayofanana) kipatikane. Mara chache hujikwaa kwa sababu neno lililowekwa halikutarajiwa, na hilo linaweza kuwa neno zuri kuliko yote kwenye shairi. Ndiyo maana nasema weka alama tu, hukumu baadaye.

Nakala ni suala la kupanga mapema. Shule nyingi haziruhusu simu, na si kila mtu ana hela ya fotokopi. Mtunzi aje na nakala mbili tatu za mkono. Wengi wakinakili shairi lao mara ya tatu huwa wamesharekebisha makosa mawili kabla hamjakutana.

Mwambie ulichokiona

Kabla ya kusifu au kukosoa, mwambie mtunzi kwa maneno yako ya kawaida umeona nini kwenye shairi lake: nani anasema, yuko wapi, nini kinatokea, ubeti wa mwisho umekuacha wapi. Sentensi nne zinatosha. Usiseme "shairi linahusu kilimo". Sema "nimeona familia inaingia shamba la korosho jua likiwa kali, kisha mama anarudi macho yakimwasha, kisha nikaambiwa niimbe".

Hatua hii watu huiruka kwa kuona ni ya kitoto. Kwa maoni yangu ndiyo inayomsaidia mtunzi zaidi, kwa sababu hapo ndipo anapogundua kwamba alichokiandika na alichokusudia vimeachana. Ukimwona anashtuka unaposema jambo fulani, hapo pana kazi.

Onyesha mshororo, sema ulikufanyia nini

Huu hapa ubeti niliouandaa kwa ajili ya mwongozo huu, wa aina ambayo wanafunzi wetu huandika kila msimu:

*Korosho mti wa mali, kusini umetupamba,*
*Jua linapowaka kali, twaingia kwenye shamba,*
*Mama arejea hali, kope za njano zafumba,*
*Korosho dhahabu yetu, tuienzi kwa kuimba.*

Mhakiki wa kwanza atasema: "Shairi zuri, hongera, ila ongeza bidii." Wa pili atasema: "Halina mvuto." Wote wawili hawajasema kitu, na wa kwanza ana hatari zaidi kwa sababu mtunzi ataondoka akidhani amesaidiwa.

Anza na mshororo wa tatu. Aliyewahi kukaa Tandahimba, Newala au Masasi kwenye miezi ya kupuliza anaijua ile salfa ya unga inayorushwa mikorosho ikianza kuchanua, kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Inakaa kwenye nywele, kwenye kola ya shati, kwenye kope. Mtunzi hakuitaja salfa kabisa. Ametaja kope za njano tu, na mimi nikamwona mama yule mlangoni anafumba macho yanayomwasha. Mwambie hivyo. Mwambie pia kwamba aliyekulia mjini au nje ya kusini huenda asijue unjano umetoka wapi, halafu mwachie aamue kama atamsaidia msomaji huyo au la. Kusifu kwa namna hii kuna faida kuliko "hongera", kwa sababu kunamwonyesha mtunzi nguvu yake iko wapi ili aende tena huko huko.

Sasa njoo mshororo wa nne. Mimi nilikuwa namtazama mama anafumba macho, na ghafla nikaambiwa korosho ni dhahabu, tuimbe. Nilimpoteza mama. Sema hivyo hivyo: "Mshororo wa tatu nilikuwa na mama, wa nne nikampoteza." Kisha uliza swali moja ambalo sijui jibu lake, na wewe hulijui: kibwagizo hiki, yaani mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, ni sifa ya kweli, au ni kejeli? Maana kama ni kejeli, kama mtunzi anataka tusikie uchungu ndani ya hiyo "dhahabu yetu", basi ameshika kitu kikubwa, na tatizo ni kwamba hajatuonyesha mapema. Kama ni sifa ya kweli, basi mshororo wa tatu na wa nne vinagombana na lazima mmoja ukubali kusogea.

Kibwagizo kinastahili swali lake peke yake kila mara, kwa sababu kosa lake hurudi kila ubeti. Maneno yanabaki yale yale, ila ubeti uliotangulia unapaswa kuyabadilisha. Muulize mtunzi: "Kwenye ubeti wa nne kibwagizo chako kinaniambia nini ambacho hakikuniambia kwenye wa kwanza?" Akikosa jibu, usimpe. Atalala nalo.

Mshororo wa kwanza una tatizo la kawaida kuliko yote katika tarbia za shuleni: kina kimechagua neno. Tunajuaje? Toa kina, kisha jiulize kama mtu angelisema neno hilo akiwa anaongea. Hakuna mkulima wa huku atakayekwambia korosho imempamba. Atakwambia imemsomeshea watoto, imemwezekea bati, au mwaka huu imemtia hasara. "Umetupamba" limekuja kwa sababu shamba na kuimba zilikuwa zinangoja *-mba*. Hapo mhakiki afanye kitu cha maana: asiishie kusema "neno hili si zuri", aseme "nadhani kina kimekulazimisha, ungekuwa huru na *-mba* ungesema korosho imetufanyia nini?" Jibu la mdomo la mtunzi mara nyingi ni bora kuliko shairi. Mwambie aliandike hapo hapo, na kama vina vya ubeti mzima vitabidi vibadilike, vibadilike.

Mizani na vina: hesabu, ila mwisho

Umeona sijagusa mizani mpaka hapa. Ni makusudi. Kuhesabu ni rahisi na kunampa mhakiki sifa ya kujua, kwa hiyo vikundi vingi huanzia huko na kuishia huko. Hata hivyo anayeandika tarbia ya kimapokeo amejifunga mwenyewe kwa nane na nane, mizani nane kila kipande cha mshororo, na ana haki ya kuambiwa amevunja wapi.

Mshororo wa pili: *Ju-a-li-na-po-wa-ka-ka-li*. Tisa. Msomaji wenu wa pili atakuwa amejikwaa hapo, na alama yako ya penseli ipo. Andika silabi kwa vistari chini ya kipande, ili mtunzi aone kwa macho asikubishie. Dawa ipo karibu: *Jua liwakapo kali*, nane. Nimetoa suluhisho kwa sababu ni jambo la ufundi tu. Kwenye mambo ya maana nisingetoa.

Wanaoanza wakumbushwe vitu viwili. *M* ya *mti* ina mizani yake, kwa hiyo *mti* ni mbili, wakati *kwa* na *twa* ni moja moja. Na anayetamka "Ntwara" hajaharibu hesabu, *n* yake imekaa mahali pa *m*. Maneno ya kigeni kama *salfa* yataleta ubishi: mmoja atahesabu silabi mbili, mwingine tatu kwa kuipa *l* mizani yake. Msikilizeni mtunzi analitamkaje, mwende na hilo, ilimradi asilihesabu mbili kwenye ubeti wa kwanza na tatu kwenye wa pili.

Vina navyo vina mambo yake huku kwetu. Tuseme mwenzako ameandika:

*Magunia ni tayari, mnada umetangazwa,*
*Baba asimama mbali, angoja kuja elezwa.*

Kwa sheria, *tayari* na *mbali* hazina kina kimoja cha kati, kile cha mwisho wa kipande cha kwanza: *-ri* na *-li* ni vitu viwili. Ila mtu aliyekulia kwenye Kimakonde au Kiyao huenda sikio lake haliwatenganishi hao wawili, na kwake vina vimekaa barabara. Mwambie bila kumcheka. Mwambie kwamba msomaji wa Zanzibar au Tanga atasikia vina viwili, na kwamba kwenye mashindano ataambiwa amekosea. Hilo linamtosha. Kucheka matamshi ya mtu ni njia ya uhakika ya kumfanya asisome tena kwa sauti, na asiposoma kwa sauti hataendelea.

Upande wa uhuru wa mshairi: inkisari (*alofika* badala ya *aliyefika*), mazida (*enenda* badala ya *enda*), kupindua mpangilio wa maneno, kuazima neno la lahaja. Vyote vinaruhusiwa. Hoja yako isiwe "umekosea sarufi". Hesabu mara ngapi: uhuru mmoja kwenye ubeti hausikiki, uhuru wa tatu ndani ya mshororo mmoja unasikika kama mtu aliyeishiwa maneno.

Usipime utenzi kwa kipimo cha tarbia

Uliza mtunzi ameandika nini kabla hujamdai kitu. Utenzi una vipande vifupi vya mizani nane na kina cha mwisho wa ubeti kinachorudi shairi zima, na kazi yake mara nyingi ni kusimulia. Lindi ina historia yake hapo: Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, alitunga utenzi juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Ukikaa na utenzi wa mwenzako, swali lako la kwanza liwe kama kisa kinasogea. Beti kumi za sifa kabla mtu hajanyanyua mguu, mwambie ni wapi ulianza kungoja.

Shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, ndilo linalowatesa wanafunzi. Mshairi Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilikuwa ndiyo mlango wa kuingilia. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974 ubishi ukawaka, na kwenye madarasa yetu haujazimika. Msiufufue kila mwenzenu anapoleta shairi lisilo na vina. "Hili si shairi" si uhakiki, ni kumfukuza mtu. Fanyeni hivi: mmoja alisome kwa kutulia kila mwisho wa mstari, kisha mwingine alisome kama aya ya insha, moja kwa moja. Kama hakuna kilichopotea, mwambieni mistari yake imekatwa ovyo na mmwonyeshe ni mistari ipi. Kama kuna kilichopotea, mtajeni ni nini. Basi.

Namna ya kusema

Sema "msemaji wa shairi", usiseme "wewe". Mwenzako akileta shairi la baba aliyeoa mke wa pili baada ya malipo ya korosho, huna haja ya kujua ni baba yake au wa jirani, na mbele ya watu usiulize. Vivyo hivyo kwa mafumbo ya jando na unyago. Ukikutana na picha ambayo unahisi inatoka huko nawe huielewi, sema tu kwamba hapo hukuingia, usidai maelezo. Mtunzi anajua nini kinasemwa hadharani na nini hakisemwi.

Utani uacheni nje ya mzunguko. Najua ni vigumu, kusini bila watani hakukaliki, na utani wenyewe unatoa beti nzuri. Ila mtu aliyetoka kusoma shairi lake hasikii utani kama anavyousikia kwenye foleni ya chakula.

Kuna ile fomula ya kusifu, kukosoa, kisha kusifu tena. Siipendi. Wanafunzi wanaijua, na sifa ya kwanza wanaisikia kama "lakini" iliyochelewa. Ukianza na ulichokiona, kama nilivyoeleza, huhitaji kupaka asali.

Usitoe zaidi ya mambo matatu kwa shairi moja, hata kama umeona kumi na mawili. Chagua yale ambayo yakirekebishwa, mengine yataanguka yenyewe. Na usimwandikie mshororo mpya isipokuwa umeombwa, au ni suala la ufundi kama lile la *liwakapo*. Ukimwandikia, shairi linaanza kuwa lako, naye ataona aibu kulikataa.

Mtunzi wakati huo anyamaze na aandike. Akianza kujitetea kila neno, "hapo nilimaanisha hivi", mzunguko umekwisha. Shairi litakapokwenda kwa watu hatakwenda nalo kulieleza. Mwisho apewe nafasi ya kuuliza, wala asilazimishwe kusema atakubali lipi.

Mkikutana tena

Aje na rasimu mpya pamoja na ile ya zamani, na wewe uje na nakala yako yenye alama za penseli. Tazama kwanza mishororo uliyoionyesha. Ukikuta amekataa suluhisho zako zote lakini mshororo ule ule umebadilika kwa namna yake mwenyewe, uhakiki wako ulifika. Ukikuta ameyachukua maneno yako kama yalivyo, muulize faraghani kama anayapenda kweli. Huenda aliyachukua kwa heshima tu, hasa kama wewe uko kidato cha sita, yeye yuko cha pili, na anakuita kaka au dada.